Kilomita Saba za Verediana

Mimi mbio za miguu nilikuwa nazidharau, sifichi. Mtu mzima mwenye akili zake anaamka alfajiri, anakimbia kutoka Gwarama mpaka barabara kuu, anageuka, anarudi pale pale alipotoka. Anakimbizwa na nani? Mimi Saady, dereva wa bodaboda wa stendi ya Kibondo, nina pikipiki niliyoinunua Kasulu kwa jasho langu, na kila nikimpita Verediana barabarani nilikuwa nampigia honi: "Panda dada, nikupunguzie mateso!" Yeye anacheka tu, anaendelea na safari yake isiyo na mwisho. Basi leo mkinisikia namtaja yule binti kwa heshima, mjue nimeshikishwa adabu.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililozaa mambo yote.

Mwaka 2013 mnaukumbuka. Ulikuwa mwaka wa operesheni ya kusaka wahamiaji haramu, watu wanaulizwa nani kazaliwa wapi, nani ana karatasi na nani hana. Huku kwetu Burundi si nchi ya kuisikia redioni, ni kwa wajomba na mashangazi, na kila kijiji kina bibi aliyeolewa kutoka upande ule. Bibi Maximilla alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyemlea Verediana tangu mama yake alipofariki, akamsomesha mpaka chuo cha ualimu Kasulu, na huko Kasulu ndiko walimu walikogundua kwamba yule binti ana miguu. Sasa mgeni akishuka kwenye bodaboda na begi mgongoni, akatoa fomu na kuanza kusoma jina kamili la mtu na tarehe yake ya kuzaliwa, siku zile jibu lilikuwa moja tu kwa kila nyumba: hayupo.

Mgeni wa kwanza nilimpeleka mimi, mwezi wa kumi. Baba mmoja mtanashati kutoka Dar, hasemi anakwenda kufanya nini. Bibi Maximilla alimpokea vizuri mno. Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimia, "mwidiwe, mwidiwe," akamletea kigoda na ndizi mbivu, halafu akamdanganya kwa adabu zote kwamba mjukuu wake hayupo. Verediana alikuwa chumba cha ndani, amelala fofofo baada ya mazoezi. Yule baba akakaa saa nzima anatazama saa yake, akaandika kitu, tukaondoka.

Mwezi wa tatu, mwaka uliofuata, akaja mwanamke, Daktari Loyce. Huyu alikuwa mrefu, mkavu, sauti haipandi wala haishuki. Bibi akapiga makofi, akaleta kigoda, akasema hayupo. Daktari akanigeukia mimi.

"Kaka, wewe ni mwenyeji huku. Ni kweli?"

Bibi akanitazama. Mimi nilikuwa naviona viatu vya Verediana nyuma ya mlango, bado vina vumbi la asubuhi. Nikasema, "Kweli kabisa, daktari. Huyu dada hata mimi sijamwona wiki nzima." Tena nilisema huku nimekunja uso, kama mtu anayesikitika. Bibi alinipa mkungu mzima wa ndizi siku ile, nikarudi Kibondo nikijiona nimemwokoa mtu.

Wiki tatu baadaye Verediana akanifuata kijiweni na barua mkononi. Hakunisalimia.

"Kaka Saady, unajua ulichonifanyia?"

Akanieleza pale pale, wapiga debe wanasikiliza. Kumbe wale hawakuwa watu wa uhamiaji. Walikuwa wapimaji. Wanariadha wakubwa wa dunia, na yeye sasa kahesabiwa humo, wanatakiwa kuandika kila siku watakuwa wapi kwa saa moja, na katika saa hiyo mpimaji anaweza kutokea bila hodi, achukue mkojo, uende kuangaliwa kama mtu anatumia dawa za kuongeza nguvu. Yeye alichagua saa nane mpaka saa tisa mchana, muda wake wa kupumzika, nyumbani kwao Gwarama. Ukikosekana mara tatu ndani ya miezi kumi na minane, unafungiwa, unaweza kukaa nje hata miaka miwili, na dunia nzima itakuona mtumia dawa. Mara mbili zilikuwa zimeshakwenda, maana barua ya mara ya kwanza haikumfikia kwa wakati. Aliandika maelezo kwamba bibi aliogopa. Wakamjibu kwamba kupatikana ni jukumu lake yeye, si la bibi.

"Ngoja," nikasema. "Mtu anapanda ndege, anapanda basi, anapanda na mimi, anakuja mpaka Gwarama kwa ajili ya mkojo wako?"

"Ndiyo."

Nikacheka. Nisamehewe, lakini nilicheka. Yeye hakucheka, machozi yalikuwa yanamtoka, na mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata alikuwa anatakiwa Ujapani kwa mbio ndefu ambazo hakuna binti wa kwetu aliyewahi kuzikanyaga. Bibi Maximilla naye alipoelezwa alikaa siku mbili hali chakula. Halafu akasema, na hili alilisema mbele yangu: "Wakija tena, mimi mwenyewe nitatoka nje niwaambie yupo."

Nafasi hiyo hakuipata. Novemba 2014 mvua zimeshika, niko stendi natafuta abiria, namwona Daktari Loyce anashuka kwenye basi la Kasulu na lile begi lake na kijisanduku cha baridi. Nikasema moyoni, leo. Leo nafuta dhambi yangu. Nilimwahi kabla hajaguswa na dereva mwingine.

"Gwarama," akasema, basi.

Niliendesha vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Saa nane kamili tuko mlangoni. Mlango una kufuli. Uani kuko kimya, hata kuku hawapo. Jirani, mama mmoja anaitwa Winifrida, akatoka na mwiko mkononi.

"Hamkusikia? Bibi Maximilla amefariki jana alfajiri hospitali. Wamempeleka kwa mwanawe Leonidasi, ng'ambo ya bonde, akazikwe karibu na marehemu mumewe. Wote wako huko. Wanazika saa hii."

Nikapiga simu ya Verediana, imezimwa. Kilima kile cha Leonidasi mtandao haufiki hata ukipanda mtini, na binti aliyefiwa na aliyemlea atakumbuka vipi kutuma ujumbe kubadilisha mahali?

"Daktari," nikasema, "umesikia. Msiba huu. Andika kwamba kuna msiba."

"Nitaandika," akasema. Alikuwa ameshakaa kwenye kigoda barazani, saa yake amevua kaiweka gotini. "Nitaandika kila kitu nilichokikuta. Lakini asipotokea kabla ya saa tisa nitaandika pia kwamba hakutokea. Sina ruhusa ya kuandika vingine."

"Basi namfuata!"

"Mimi sikutumi, kaka. Mimi nakaa hapa mpaka saa tisa."

Moyo wa jiwe, nilisema kimoyomoyo, na nikasema na mengine ambayo si ya kurudia. Nikapiga kiki.

Kutoka pale mpaka kwa Leonidasi ni kilomita kumi na moja, njia ya udongo mwekundu, inashuka bondeni, inavuka kijito kwa magogo, inapanda. Mbingu ilikuwa nyeusi tii. Saa nane na dakika ishirini na nne niko makaburini, na pikipiki nimeiingiza katikati ya waombolezaji kama mtu asiye na malezi. Jeneza lilikuwa ndiyo linashushwa. Verediana amesimama pembeni, khanga kiunoni, miguu mitupu, udongo wa kumtupia bibi ameshaushika mkononi.

"Wamekuja," nikamwambia. "Yule daktari. Yuko nyumbani. Saa tisa anaondoka."

Alinitazama kama hanijui. Halafu akamtazama baba yake mdogo. Leonidasi ni mzee mfupi, mkali, kila mtu anamwogopa, na mimi pia.

"Thubutu!" Leonidasi akasema. "Mjukuu aliyelelewa na marehemu aondoke kaburi liko wazi? Yupo aliyewahi kuona jambo hilo hapa?"

Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na watoto na aliyelelewa na marehemu, ndipo wengine wafuate. Asipoutupa, watu watalisema mpaka kwa wajukuu zake. Verediana akapiga magoti mbele ya baba yake mdogo, mkono mmoja umefumba udongo.

"Baba mdogo, bibi aliapa kwamba wakija tena atasema nipo. Sasa hawezi kusema. Niache nikamsemee."

Leonidasi akageuza uso. Hakusema nenda, hakusema baki. Verediana akainuka na kupanda nyuma yangu. Ile ngumi yake yenye udongo hakuifungua, nilikuwa naihisi mgongoni.

Mvua ilitushukia kabla hatujafika bondeni. Mvua ya Novemba ya kwetu haikupi taarifa. Kilomita nne nilikwenda nikimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua, na pale kijitoni, magogo hayapo. Maji yameyabeba. Nikasema nitapita pembeni penye changarawe. Kiburi, jamani! Tairi la mbele likazama, la nyuma likazama, na pikipiki yangu ya Kasulu ikakaa kwenye matope mpaka kwenye injini.

"Saa ngapi?" akauliza Verediana.

Nikafuta kioo cha simu. "Nane na thelathini na nne. Zimebaki dakika ishirini na sita." Na kilomita saba, lakini hilo sikulisema. Nilikaa chini kwenye maji nikaanza kulia, mwanaume mzima. Nilikuwa nimemwangamiza mara ya pili.

Yeye hakuniangalia hata kidogo. Alifunga khanga vizuri, akavuka kijito maji yakiwa mapajani, akapanda ukingo wa pili, akaondoka.

Niseme nilichokiona, maana ndicho kilichonifanya nikae hapa kuwasimulia. Nimekaa miaka mingi nampita yule binti kwa mashine, kwa hiyo nilikuwa sijawahi kumwona. Hakukimbia kama mtu anayekimbizwa. Kichwa kilikuwa kimetulia, mabega yametulia, na chini huko miguu inafanya kazi yake yenyewe, inagusa tope na kuliacha kabla halijamshika. Mimi nilikuwa nimekwama, mashine imekwama, hata ng'ombe wa watu walikuwa wamesimama kwenye mvua wamekata tamaa. Yeye peke yake katika bonde lote alikuwa anakwenda. Alipanda kilima kile cha mwinuko ambacho mimi natia gia ya kwanza na abiria anashuka, akakipanda bila kupunguza, na juu kabisa akapotea. Nilibaki mdomo wazi, mvua inaniingia.

Wafyatua matofali wanne walinisaidia kuinyanyua pikipiki na kuivusha mabegani. Ilikohoa, ikawaka. Nikamfuata. Njia nzima ilikuwa na nyayo zake, na nyayo zilikuwa zinasema. Kwenye tope zito, vidole tu vimechimba. Kwenye tambarare, nafasi kati ya unyayo na unyayo ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilidhani nimekosea. Nilisimamisha pikipiki, wallahi, na haraka zote zile, nikashuka nikajaribu kuruka kutoka alama moja mpaka nyingine. Nilifika nusu. Nikaangalia mbele, alama zinaendelea vile vile, hazisogeleani, kilomita baada ya kilomita, na pale kwenye miamba damu kidogo. Nikapanda nikaendesha polepole pembeni ya njia, sikutaka kuzikanyaga.

Nilimkuta mwinuko wa mwisho, nyumba zao zinaonekana. Tairi zinateleza kushoto na kulia, nikampigia kelele: "Panda! Panda, Verediana!" Ujinga wa mazoea. Pikipiki ilikuwa inazunguka pale pale, na yeye anazidi kuwa mdogo mbele yangu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimezidiwa na mtu wa miguu, na wala sikuona aibu. Nilikuwa napiga honi na kupiga kelele kama mwehu, "Twende mama! Twendeee!" Winifrida alitoka na mwiko wake akaanza kupiga vigelegele bila kujua anashangilia nini.

Daktari Loyce alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza, saa kiganjani. Verediana akasimama mbele yake, anatiririka maji na tope mpaka kwenye nyusi, kifua kinapanda na kushuka.

"Saa nane na dakika hamsini na nane," daktari akasema kwa sauti ile ile. "Naitwa Daktari Loyce. Nimekuja kuchukua sampuli. Naomba kitambulisho chako."

Ningeweza kumtia kofi. Lakini nikaona anamsogezea kile kigoda kwa mguu.

Basi, Winifrida akaleta ufunguo aliouachiwa, kitambulisho kikatolewa ndani, fomu ikatiwa saini. Kumbe kufika si kumaliza. Mtu aliyekimbia namna ile hana hata tone la kutoa. Daktari akamwonyesha chupa za maji, zote zina lakiri, achague mwenyewe, afungue mwenyewe. Akanywa moja. Hakuna. Akanywa ya pili. Hakuna. Na tangu alipotia saini, haruhusiwi kwenda mahali popote daktari asipomwona. Alikuwa amekaa pale kwenye kigoda cha bibi yake, mkono wa kushoto kaufumba bado.

"Una nini mkononi?" daktari akauliza.

Akafumbua. Ule udongo ulikuwa umegeuka donge, limechukua umbo la kiganja chake.

"Ni wa bibi," akasema. "Sijautupa. Daktari, naomba nikamzike, halafu nirudi. Naapa nitarudi."

Daktari Loyce akaweka kalamu chini. Akafungua kijitabu chake, akasoma ukurasa, akasoma tena kwa kidole. Mimi nikasema kimoyomoyo, huyu atakataa.

"Kwenda peke yako huwezi," akasema. "Ila haijaandikwa kwamba mimi siwezi kwenda kwenye mazishi."

Akafunga begi, akajifunga ushungi wa kitenge cha Winifrida, akapanda. Tulikwenda mshikaki, watu watatu na kijisanduku cha baridi. Pale kijitoni wale wafyatua matofali walikuwa wameshatafuta magogo mengine. Mvua imebaki manyunyu. Njiani daktari aliziona zile nyayo, akaniambia nipunguze mwendo, akazitazama njia nzima. "Mungu wangu," akasema mara moja tu, na sauti yake ilipanda.

Tulifikiri tutakuta kaburi limefukiwa na watu wanakula. Tulipopanda kilima tukawaona. Wote. Wazee, wanawake na watoto migongoni, wamesimama kwenye mvua kuzunguka kaburi lililo wazi, jeneza wamelifunika kwa majani ya migomba yasiingie maji. Zaidi ya saa moja na nusu walikuwa wamesimama vile. Leonidasi alikuwa ameegemea jembe, ameloa chapachapa.

"Umewakuta?" akamuuliza Verediana.

"Nimemkuta, baba mdogo."

"Sasa tupa udongo, watu wana baridi."

Akautupa. Lile donge liligonga jeneza, kila mtu akalisikia, na ndipo Verediana akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtoto, wanawake wakamshika. Daktari Loyce alisimama hatua mbili nyuma yake, hakumwacha machoni hata kidogo, na yeye mwenyewe machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Sijawahi kuona mtu analia huku yuko kazini.

Mkojo ulikuja baada ya kaburi kufukiwa. Waliingia choo cha nyasi cha Leonidasi, wawili, daktari lazima aone kwa macho yake. Wakatoka, Verediana mwenyewe kashika kikombe kwa mikono miwili. Waombolezaji wakampisha njia. Akamimina kwenye chupa mbili, akazifunga mwenyewe zikalia ka-ka-ka, na daktari akaeleza kwamba sasa hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuzifungua bila kuzivunja mpaka zifike maabara, ng'ambo ya bahari.

"Na huko wataona nini?" Leonidasi akauliza.

"Kila kilichoingia mwilini mwake."

Leonidasi aliinama akazitazama zile chupa karibu kabisa, mikono nyuma, hathubutu kugusa. "Yebaba we," akasema taratibu. "Basi wataona mihogo yangu na maharage ya marehemu mama."

Ikabaki fomu. Daktari akaiweka juu ya kijisanduku cha baridi, akamwonyesha mahali. "Hapa unaweza kuandika maoni yako, kama una lalamiko kuhusu zoezi zima. Usipokuwa nalo, acha wazi."

Verediana akachukua kalamu kwa vidole vyenye udongo. Akafikiri. Aliandika maneno mawili tu, nikayasoma juu ya bega lake: *Bibi, nipo.*

Daktari akayasoma, hakuyafuta. Akanigeukia mimi, kama siku ile ya mwezi wa tatu.

"Kaka, hapa inatakiwa saini ya shahidi. Wewe ni mwenyeji. Ni kweli?"

"Ni kweli, daktari," nikasema, nikatia saini.